Chukua Mdogo Mtu

Kila mwaka korosho zikianza kushuka, kuanzia Oktoba hivi, simu yangu huanza kulia. Wanaonipigia hawaniulizi habari za mnada wala mizani ya AMCOS, chama chetu cha ushirika. Hayo wanayajua kunizidi. Wananiulizia magari. "Njomba, kuna Subaru nimeiona Dar, turbo, rangi ya bluu, jamaa ana shida na hela. Niichukue?"

Mimi si fundi. Nimezaliwa Chilangala, nikakulia nyuma ya gereji ya mjomba wangu Masasi, nikiosha plagi kwa petroli na kusikiliza watu wazima wakijuta. Majuto mengi niliyoyasikia yalikuwa ya aina moja: mtu alikuwa na hela ya kumnunua mdogo mtu, akajikakamua akamchukua kaka mtu.

Nieleze. Wajapani waliyatengeneza magari yao mengi ya spoti kwa ngazi. Bodi ni ileile, taa zilezile, viti karibu vilevile, ila chini ya boneti mmoja ni mpole na mwingine ni mwehu. Altezza ina wake, Runx ina wake, Impreza ya Subaru ndiyo usiseme. Vidokezo hivi ni kwa yule ambaye hela yake inamfikisha kwa mpole kwa raha, na kwa mwehu kwa kukopa.

1. Jiulize unatamani nini hasa

Wengi tunaposema tunataka gari la spoti tunataka sura. Tunataka lile tumbo lililokaa chini, taa za nyuma za Altezza zilizofanya nusu ya dunia ibandike taa za kuiga, na ule mlango unaofunga kwa kishindo kizito. Hivyo vyote mdogo mtu anavyo.

Altezza ndiyo mfano ninaoupenda. Ilitoka 1998, ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka Japani kwa 1998–1999, ikatengenezwa hadi 2005. RS200 ndiye kaka mtu: silinda nne, nguvu za farasi 210. AS200 ndiye mdogo: farasi 160. Sasa sikia kichekesho: mdogo ndiye mwenye silinda sita. Nimeshuhudia kijiwe kizima pale stendi kikibishana mpaka chai ikapoa, watu wakiapa kwamba yenye silinda sita lazima ndiyo kali zaidi. Siyo. Ila injini yake inazunguka laini kama cherehani iliyotiwa mafuta jana, na kwa safari ya Masasi kwenda Mtwara siibadilishi na ile nyingine.

2. Soma kibati, usisome nembo

Nembo inauzwa dukani, inabandikwa kwa gundi, na dalali ana gundi. Fungua boneti, tafuta kibati cha chasi, soma herufi za mwanzo. Altezza ikianza na GXE10 ni AS200. SXE10 ni RS200. Runx ya NZE121 ni ya cc 1,500, na ZZE123 ndiyo ile Z yenye moto. Impreza za kuanzia 2000 hadi 2007, zile za sedani: GDA ni WRX, GDB ni STI, na GD2 au GD3 ni ya cc 1,500 isiyo na turbo.

Ukishindwa kukumbuka herufi, kwa Subaru kuna njia ya mkato. Lile tundu la juu ya boneti, wanaloliita pua, kwenye yenye turbo linapeleka upepo kwenye kipoza hewa kilicholala juu ya injini. Inua boneti, chungulia chini ya pua. Ukikuta bati tupu au sifongo iliyopachikwa, umeuziwa pua. Hakuna ubaya kununua GD3. Ubaya ni kuinunua kwa bei ya GDB.

3. Hesabu kwa kilo, siyo kwa shilingi

Shilingi zinadanganya, hasa zile zinazoingia benki kwa mkupuo mtu akiwa amezikosa miezi minane. Kilo hazidanganyi kwa sababu unakumbuka mgongo ulivyouma ukiziokota.

Msimu wa 2024/25 ulipofunguliwa, kilo ya korosho ghafi mnadani ilivuka shilingi 4,000, na huku kwetu uwanda wa Makonde watu tukatembea kifua mbele. Msimu mmoja kabla yake bei ilikuwa ikichechemea kwenye 2,000 na kidogo. Mwaka 2018 ilibidi serikali yenyewe iingie kununua kwa 3,300, na jeshi likabeba mizigo. Kwa hiyo anayenunua gari kwa bei ya mwaka mzuri anapaswa kujua atalitunza kwa bei ya mwaka mbaya. Mfumo wa stakabadhi ghalani, tulio nao tangu 2007, umetusaidia tusiuze kwa walanguzi wa kangomba njiani, lakini hauna kipengele cha kukulipia gasketi mwezi wa tano.

Na hapo ndipo penye kiini cha yote ninayosema. Korosho ina msimu, gari halina. Gari linakula Februari kama linavyokula Novemba. Kaka mtu anakula zaidi, na ana tabia ya kuumwa hela ikiwa imekwisha.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alichukua WRX mwezi wa kumi na moja. Namba D, safi, viti havijapasuka. Krismasi tulikwenda nayo Mtwara, na sitasema uongo, ilikuwa raha: unakanyaga, kunapita nukta moja ya kimya, halafu kiti kinakusukuma mgongoni. Mwezi wa nne ikaanza mluzi. Mwembamba, kama mbu sikioni. Akasema ndiyo sauti ya turbo, inapendeza. Wiki ya pili ikaongeza moshi wa bluu ikipanda mlima.

Fundi alifungua bomba la hewa, akaingiza vidole viwili, akashika ile feni ndogo ya turbo na kuitikisa kushoto kulia. "Inacheza," akasema. Haikutakiwa kucheza hata kwa unene wa wembe. Turbo ni feni mbili kwenye ekseli moja: moja inasukumwa na moshi unaotoka, nyingine inasukuma hewa kuingia ndani ya injini. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isijisage ni utando wa oili tu. Fundi akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa tambara, akakirudisha, akakitoa tena: oili ilikuwa imelowesha ncha peke yake, nyeusi tii. Binamu alikuwa akibadilisha oili "ikifika", na akizima gari palepale baada ya kupanda mlima, oili ikiungulia kwenye turbo iliyowaka moto.

Turbo ya mtumba ilitoka Dar kwa basi, imefungwa ndani ya gunia la sandarusi. Ikafika bila gasketi. Siku tano nyingine. Hesabu ya mwisho, na nauli ya kifurushi ndani yake, ilikuwa milioni moja na laki tatu. Kwa bei ya 4,000 hiyo ni kilo 325. Kwa bei ya 2,000 ni kilo 650. Na huo ulikuwa mwezi wa nne, mkorosho ukiwa na majani tu.

4. Itazame barabara yako

Barabara ya Mtwara kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi ina kilometa 210. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilometa 50, ndicho kilichotangulia kupata lami. Kilometa 160 zilizobaki zimekuwa mikononi mwa wakandarasi. Lami inakuja, nami naifurahia kama mtu mwingine yeyote. Lakini nyumbani kwako hakuko kwenye barabara kuu. Ukiiacha barabara kuu kuingia vijijini, uwanda wa Makonde ni mchanga. Mchanga mwekundu, mlaini, unaokunywa maji yote ya mvua na kutuachia foleni za ndoo. Gari lililolala chini likiingia humo wakati wa kiangazi, bampa linageuka jembe.

Ukizama, usikanyage mafuta. Hilo ndilo kosa la wenye nguvu nyingi: farasi 250 zinachimba kaburi haraka kuliko farasi 100. Shuka, punguza upepo wa tairi kidogo, tandika matawi au magunia, ondoka na gia ya pili taratibu. Vijana watasukuma; waandalie hela ya soda na usijifanye huioni mikono yao.

Na hata kwenye lami, utaikimbizia wapi? Kutoka Masasi hadi Mingoyo vijiji vimefuatana, kila kijiji na kibao cha 50, na chini ya mkorosho wenye kivuli kizuri kuna askari na tochi. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Runx ya cc 1,500 inafika 50 bila kujikaza, nawahakikishia.

5. Petroli

Fupi tu. Injini za kaka mtu zilitungwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo ni kali kuliko inayouzwa kawaida huku kwetu. Ukiipa ya kawaida inapunguza nguvu ili isijiumize, au inagonga. Ukiipa ile ya chupa ya pembeni mwa njia, iliyokaa juani na kufunguliwa mara kumi, Mungu akusaidie. Mdogo mtu hana maringo hayo.

Kuhusu ulaji: WRX ya binamu ilikuwa ikienda kilometa 8 kwa lita, akiwa mpole. Yangu ya cc 1,500 inakwenda 14. Kwa zile kilometa 210, hiyo ni lita 26 dhidi ya 15. Bei kikomo za EWURA hubadilika kila mwezi, kwa hiyo zidisha mwenyewe siku unayosoma.

6. Kama unaagiza mwenyewe kutoka Japani

Usitazame ile bei ya mtandaoni ukadhani umemaliza. TRA wana kikokotoo chao, weka aina ya gari na mwaka ukaone. Kwa kifupi: ushuru wa forodha asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini (asilimia 0 mpaka cc 1,000, asilimia 5 mpaka cc 2,000, asilimia 10 kuzidi hapo), kisha VAT asilimia 18, na tozo ndogo ndogo. Gari lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30 za uchakavu, na magari yote ninayoyataja hapa yameshazidi.

Sasa, mtu atasema: Altezza zote mbili ni cc 2,000, kwa hiyo kodi ni sawa. Si sawa. Asilimia zinapigwa juu ya thamani, na thamani ya kaka mtu iko juu. Kila shilingi uliyoiongeza Japani inakuzalia watoto bandarini. Bima kubwa nayo ni hivyohivyo, inahesabiwa kwa thamani ya gari, kila mwaka.

7. Muulize fundi wako, siyo fundi wa YouTube

Kabla ya kulipa, mpigie fundi ambaye atalishika gari hilo likikataa kuwaka saa mbili usiku. Mtajie herufi za kibati. Akisema "lete tu, tutaangalia," hiyo ni hapana.

Fundi wa Newala au Masasi anaijua injini ya 1NZ ya Runx na Vitz kama anavyoijua njia ya kwenda kwake, kwa sababu ndiyo iliyojaa mjini. Spea zake utazipata hata duka linalouza na sukari. Ina cheni ya taimingi, siyo mkanda. Subaru zile, na Altezza zote mbili, zina mkanda, ambao lazima ubadilishwe kwa kilometa zake, na ukikatika njiani unaweza kuondoka na valvu. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini. Akianza kuangalia angani, jumlisha mkanda mpya kwenye bei.

Ile Runx Z je? Farasi 190 kutoka cc 1,800 bila turbo, gia sita za mkono, kweli ni kazi ya ufundi. Ila utamu wake umefichwa juu: mashine inabadilisha tabia kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Chini ya hapo ni Runx kama nyingine. Nimewahi kuiendesha ya jamaa mmoja wa Masasi. Mara mbili tu kwa siku nzima nilifika huko juu, na mara zote mbili mbuzi aliingia barabarani.

8. Raha ya gari dogo ni kulimaliza

Kaka mtu unamshika kamba siku zote, kama fahali sokoni. Mdogo mtu unampa yote aliyonayo na bado mko salama. Chukua ya gia za mkono ukiipata. Barabara ya kupandisha uwandani, ile ya kona kona ambapo mabonde yanabaki chini kama ramani, inanoga kwa gia ya tatu na ya pili, mguu wa kulia ukifika mwisho bila kuvunja sheria ya mtu. Nenda jioni, ufike Newala jua likizama upande wa Shimo la Mungu.

Wapo watakaosema gari dogo si la spoti. Mwaka 1993 Subaru walipeleka kwenye Safari Rally ya Kenya gari linaitwa Vivio, lenye injini ya cc 658, ndogo kuliko za baadhi ya pikipiki. Colin McRae alikuwa na moja, akaishia njiani. Mkenya Patrick Njiru alikuwa na nyingine, akalifikisha mwisho na kushinda daraja lake. Mshindi wa jumla, sitakuficha, alikuwa Juha Kankkunen na Celica ya turbo. Lakini yeye alikuwa na mafundi wa kiwanda wakimfuata. Wewe una nani?

9. Chenji ina kazi

Tofauti ya bei kati ya ndugu hawa wawili usiile. Na usiipeleke kwenye spoila, wala kwenye bomba la moshi linalopiga kelele msibani. Weka hivi: tairi nne mpya za jina linaloeleweka, shokapu na bushi za mbele, oili na filta zote, betri. Filta ya hewa nunua mbili kabisa; vumbi la Agosti hapa kwetu linaziba moja kwa wiki chache, na kila gereji itakuambia kitu kilekile. Ukifanya hayo, gari lako la farasi 110 litashika kona kuliko la farasi 250 lenye shokapu zilizokufa, na nimeliona hilo kwa macho yangu.

Kisha nenda kanunue salfa. Ndiyo, kwenye makala ya magari. Mikorosho isiyopuliziwa dawa ya ubwiriunga haitakulipia petroli mwaka ujao.

10. Nani asinisikilize

Mwenye mshahara wa kila mwezi, anayekaa mjini Mtwara au Dar, mwenye fundi wa Subaru mtaa wa pili na gari jingine la kwenda nalo shamba. Huyo achukue STI na anipigie simu nikapande. Nitakuja na soda yangu.

Na ninyi mliobaki, mkiniona pale AMCOS msimu huu, nina Runx ya rangi ya fedha, NZE121, mlango wa nyuma kushoto umechubuka. Mwaka jana kijana mmoja aliizunguka mara mbili, akainama, akasoma nyuma.

"Njomba, kumbe hii ni Z?"

Nikamwambia ni ya kawaida, cc 1,500.

"Mbona imeandikwa Z?"

Niliikuta nayo hivyohivyo. Na gundi yake, nimeshajaribu, haibanduki.